Usinunue ruta kwanza

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, za masiku? Bi Mkubwa goti linaendeleaje? Ujumbe wako nimeupata jana jioni, nakujibu mbiombio kabla Salim hajakupeleka dukani. Ruta mpya usinunue kwanza.

Unasema simu ya ofisini, ile inayopita kwenye intaneti, ikipokelewa inakatika baada ya nusu dakika. Shika saa uhesabu. Ikikatika kwenye sekunde 32, na ya pili hivyohivyo, bando na mnara havina kosa. Mtandao mbovu hukata ovyo, hauna saa. Ukipokea, simu yako hutuma neno la kwamba umepokea, kisha husubiri uthibitisho kutoka kwa seva, yaani kompyuta ya kampuni ya simu inayounganisha simu zenu. Lakini simu imejitambulisha kwa anwani ya humo ndani ofisini, ile inayoanza na 192.168 na isiyofikika kutoka nje, kwa hiyo uthibitisho unapotea njiani. Simu inarudia, inarudia, zikifika sekunde 32 inakata yenyewe. Ule ugonjwa wa sauti kusikika upande mmoja tu ni ndugu wa huu: sauti hupita njia yake, nayo imepewa anwani isiyofikika.

Ingia kwenye ruta, tafuta SIP ALG, kile kipengele cha ruta kinachobadilisha anwani ndani ya ujumbe wa simu, izime, halafu zima na kuwasha ruta na simu. Ikiwa bado, nenda kwenye mipangilio ya akaunti ndani ya simu, pale pa kuchagua njia ya kusafirisha ujumbe toa UDP uweke TCP, au TLS (ile iliyofichwa kwa siri) kwenye mlango, yaani port, wa 5061 kama mwenye huduma anaikubali. Keep-alive, yaani kaujumbe ka kuiweka njia wazi, iwe kila sekunde 20. Hiyo ndiyo dawa ya simu kutoingia mpaka upige wewe kwanza: laini ikikaa kimya kidogo, mtandao unaifunga njia.

Salim anataka kufungua milango (port) kwenye ruta ili simu za nje ziingie. Mwambie aangalie kwanza anwani ambayo ruta imepewa na laini. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnagawana anwani moja na wateja wengine wa kampuni, na milango yake haitasaidia chochote.

Sauti ya kukwaruza mchana ni jambo jingine kabisa. Hapo nawashuku vijana wanaopandisha video kwa Wi-Fi ileile. G.711, kodeki moja (namna ya kufunga sauti isafiri), inataka karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, wala si nyingi, ila pakiti, yaani vipande vya sauti, zikikaa foleni nyuma ya video, sauti inavunjika. Wazuie saa za kazi, au weka G.729 iwe ya kwanza kwenye orodha ya kodeki. Hiyo inatosheka na 31 hivi. Na vijiti vya mawimbi visikudanganye, tazama SINR, kipimo cha usafi wa mawimbi dhidi ya kelele, kwenye ukurasa wa ruta. Ikiwa chini ya sifuri, sogeza ruta dirishani, mbali na yale mabati.

Ila anza na ile ya sekunde 32, nakuomba. Ndiyo inayowafukuza wateja.

Sasa nijibu: zinakatika zinazoingia tu, au na zinazotoka? Anwani ya ruta inaanza na ngapi? SIP ALG mmeiona, au ruta hiyo haina? Na Mwanaidi kule tawini, mwenye laini ya kampuni nyingine, naye zinamkatikia?

Wako,
Zuhura