Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: nesi aripoti lini?

Mheshimiwa Waziri shikamoo. Mimi ni nesi, mwaka wa 11 huu nipo kazini, hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Wilaya siitaji na jina langu naliacha, ukisoma utaelewa kwa nini.

Swali langu ni moja. Nesi akihisi mgonjwa ananyanyaswa aripoti wakati gani? Akihisi tu, au asubiri mpaka aone kwa macho yake, au mpaka apate na shahidi? Maana kila nikiuliza naambiwa "tumia busara", haya, busara saa tisa usiku, manesi wawili, wodi imejaa mpaka chini.

Kwa mtoto angalau tuna pa kushikia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtu yeyote kwenye jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti serikali ya mtaa. Ushahidi AU taarifa. Hilo neno "au" mimi nalipenda sana, linaniondolea kazi ya upelelezi ambayo sikuisomea.

Sasa mtu mzima je? Aliletwa bibi mmoja, amepungukiwa na maji na akili zishapotea za uzee, namvua gauni nakuta vifundo vyote viwili vya mikono vina alama za kamba, moja mbichi kabisa. Mjukuu nikamuuliza, hata hakuficha, akasema tunamfunga tukienda shamba maana akiachwa anaondoka, mwezi uliopita walimkuta barabarani malori yanapita. Nikaishiwa nguvu. Huu ni unyanyasaji au ni umaskini? Kusema kweli mpaka leo sijui, ila nilijua huyu bibi anahitaji mtu zaidi yangu wa kumuangalia, nikaenda kwa inchaji, msimamizi wa wodi, swali la kwanza, "una ushahidi gani?" Nikasema alama. Akasema alama familia wameshazieleza, usituletee kesi. Afisa ustawi wa jamii yuko mmoja na siku hiyo alikuwa kwenye semina. Ijumaa bibi akaruhusiwa. Kwenye faili tuliandika upungufu wa maji, basi.

Hapo mnyanyasaji ni wa nje. Akiwa wa ndani ndo balaa. Mwaka wangu wa pili nilimuona dada tuliyekuwa naye zamu akimchapa mama makofi ya mapaja, mama anasukuma mtoto huku analia, na mimi nimeshika taa. Asubuhi kwenye kitabu cha ripoti tukaandika "mama hakutoa ushirikiano". Mwandiko ni wangu. Ningeripoti kwa nani jamani, inchaji ni shoga yake, matroni ni wa kwao, na anayeripoti wenzake sisi tunajua huwa anahamishiwa wapi, zahanati ambayo bodaboda yenyewe inakwenda kwa kubembelezwa.

Wenzetu Kenya yalitoka hadharani. Bungoma 2013 mama alijifungulia sakafuni hospitali ya rufaa halafu akapigwa na kutukanwa na manesi, mtu akarekodi video, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Miaka karibu mitano! Mimi nilichojiuliza ni kwamba ingekuwa hakuna simu ya kurekodi pale wangeandika nini kwenye kitabu chao.

Najua utaniambia ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Ipo ndiyo, ila kwenye wodi yangu sijawahi kuiona hata imebandikwa, tunabandika ratiba ya chai.

Ninachoomba ni waraka mmoja, hata ukurasa mmoja, wizara na Baraza la Uuguzi na Ukunga mkae muuandike. Useme shaka yenye sababu inatosha, nesi aandike alichokiona na alichoambiwa, uchunguzi ni kazi ya wengine. Useme taarifa itolewe ndani ya saa 24. Useme akituhumiwa mtumishi wa wodi basi taarifa isipite kwa inchaji wa wodi hiyohiyo, iende nje. Na nesi akikosea kwa nia njema asiguswe.

Lakini hapa naomba msikimbie sana, kuna mama anapigwa na mumewe, ana akili zake timamu, anakuomba usimwambie mtu maana usiku atarudi kulala nyumba ileile. Huyo mkinilazimisha nimripotie polisi bila ridhaa yake kesho haji hospitali, atajikanda na maji ya chumvi nyumbani. Yeye aelezwe kuhusu PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa, aelezwe kituo cha mkono kwa mkono, kile cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, kiko wapi, aamue mwenyewe. Bibi wa kamba hawezi kuamua, mtoto hawezi, hao ndo tuwasemee bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, tutasimama tena na mishumaa tunarudia kiapo, na mgeni rasmi huwa ni nyie viongozi. Njoo na huo waraka mkononi mheshimiwa. Mimi nitakuwa mstari wa nyuma, kama sijapangiwa zamu.