Barua ya Kufunga Muhula: Kuta za Darasa la Awali

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Juni

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA MICHORO YA DARASA LA AWALI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa hii saa sita mchana, na masomo yataendelea Julai. Ripoti atakabidhiwa mzazi au mlezi mwenyewe. Darasa la Saba watapewa ratiba yao na mwalimu wa darasa. Hayo ya kawaida nayaacha hapo, maana wengi wenu mmeniuliza getini habari za zile kuta, nami napenda kuwajibu kwa kirefu.

Aliyezichora ni kijana aliyejifunzia kazi Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Wakubwa mnaijua historia hiyo: Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na vijana aliowafundisha wakaendeleza. Kijana wetu naye alichora kwa miaka walichopenda watalii: tembo, simba, Kilimanjaro kwa nyuma. Watalii walipokatika mwaka 2020 kwa sababu ya korona, akageukia mabango ya saluni na maduka, kisha akaombwa achore ukuta wa chekechea mtaani kwao. Ananiambia kuwa huko ndiko alikoona watazamaji wanaoipapasa picha, wanaoizungumzisha, wanaomuuliza kwa nini tembo hana viatu. Tangu hapo moyo wake uko kwa watoto.

Kwetu alianza kwa kukwangua rangi ya zamani. Rangi ya mafuta aliyoizoea haikai kwenye plasta yenye unyevu, huvimba na kubanduka, kwa hiyo alisubiri masika yaishe, akatumia rangi ya maji, ile ya kuoshwa. Simba wake wa kwanza alikuwa wa kitalii, meno nje, na watoto wakahamisha mikeka yao kutoka kona ile. Basi akaketi sakafuni kati yao, akautazama ukuta akiwa usawa wa macho yao. Kesho yake simba akavishwa sweta la shule na kushikishwa kikombe cha uji. Sasa kona ile inagombewa.

Baadhi yenu mmeshauri, kwa nia njema, kwamba zingetosha herufi na namba. Njooni mtazame. Shingo ya twiga ina alama za sentimita, na watoto wanapimana urefu hapo. Kanga ana madoa ya kuhesabu, na kila siku wanapata idadi tofauti na kubishana mpaka wahesabu upya. Sungura na Fisi wamesimama kisimani, na mchoraji ameacha hadithi yao bila mwisho makusudi. Mwalimu akisema "Hadithi, hadithi!", kila mtoto anakuja na mwisho wake, na wengine tuliozoea kuwaona kimya wananyoosha mikono. Mtoto wa miaka mitano anayemtetea Fisi mbele ya wenzake anajifunza kupanga maneno na mawazo. Hilo naliamini kabisa, na ndiyo sababu nililisimamia mbele ya kamati. Kwa hiyo tafadhali, mnapokuja kuwachukua, msiwakaripie kwa kugusa ukuta. Umechorwa uguswe.

Likizo hii atachora ukuta wa Darasa la Kwanza. Kamati ya shule imeridhia, na hatuchangishi fedha. Aliyebakiwa na rangi ya maji nyumbani, hata nusu kopo, au brashi inayofaa, atatusaidia sana akituletea.

Wanyama watachaguliwa na watoto wenyewe. Muulize mwanao, andika jibu lake kwenye karatasi, uje nalo siku ya kuchukua ripoti. Akitaja mnyama asiyekuwepo duniani, andika hivyo hivyo alivyosema. Mchoraji amewaomba hao hasa.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu