Sensa Si Mbovu, Mzee: Mashine Ndiyo Inatikisika

"Fundi, umeniuzia kidude kibovu. Kila nikiwasha mashine, kinaizima." Simu za namna hii hazikosi msimu wa mahindi. Ya juzi ilitoka Himo, na ilikuja na maneno mengine nisiyoweza kuyaandika hapa.

Mzee huyu tulimfungia sensa mbili, yaani vidude vya kupimia, kwenye mashine ya kusaga. Moja imekaa juu ya nyumba ya beringi, inapima mtikisiko. Nyingine inatazama bolti kwenye puli na kuhesabu inapita mara ngapi kwa dakika. Mtikisiko ukizidi, au mkanda ukianza kuteleza na mzunguko ukashuka, kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, inakata umeme wa mota. Ndiyo kazi yake.

Kijana wake akairuka sensa, akaunga waya moja kwa moja. Wakasaga siku tatu. Siku ya nne beringi ikakwama, shafti ikalika, na foleni yote ya ndoo ikahamia kwa jirani.

Tulipofungua, tukakuta nyundo, vile vyuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi, ni mpya upande mmoja, na upande wa pili zilezile za zamani zilizoisha. Alinunua nusu seti ili aokoe hela. Sasa sikilizeni: nyundo zikipishana gramu 100 tu, zikiwa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, zinaivuta shafti kwa nguvu ya karibu kilo 200. Ni magunia mawili ya mahindi yanayoing'ang'ania beringi, yakizunguka nayo mara 50 kila sekunde! Beringi gani itavumilia?

Nikiri jambo moja. Kuna kazi tuliyoifanya Arusha ambako sensa kweli ilizima ovyo, na kosa lilikuwa letu: muda wa kusubiri wakati wa kuwasha tuliuweka mfupi mno, mashine ikakatwa kabla haijashika kasi. Tulirudi tukarekebisha, hata nauli hatukudai. Kwa hiyo ikizima, pigeni simu kwanza, koleo baadaye.

Kuhusu bei, kwa wanaouliza mbona ghali kwa kazi ya muda mfupi: kufunga sensa ni saa moja, hilo sibishi. Muda unaobaki tunapima mashine ikiwa tupu na ikiwa na mzigo, beringi ya mbele na ya nyuma, wima na mlalo, ndipo tunajua kikomo cha mtikisiko kiwekwe wapi. Kiwango cha kimataifa cha mtikisiko, ISO 10816 cha mwaka 1995, kwa mashine za kati, kilowati 15 hadi 75, kilihesabu kasi ya mtikisiko ya zaidi ya milimita 7.1 kwa sekunde kuwa hatari. Kusikiliza beringi kwa bisibisi sikioni nakuheshimu, nimeanzia hapo hapo, ila hakuna anayekesha na bisibisi usiku kucha.

Nyundo leteni seti nzima. Tunazipanga jozi kwa jozi kwenye mizani, na kupima hatutozi.