Kabla ya Kiingereza, mama zetu wafundishwe kusoma

Bwana Mhariri,

Naandika kuhusu masomo ya Kiingereza ya watu wazima kwenye maktaba ya umma ya komini yetu hapa Lubumbashi, ambako najitolea kufundisha Jumanne na Alhamisi mchana.

Watu wanakuja wengi. Kasumbalesa, mji wetu wa mpakani na Zambia, iko kilomita 90 hivi kutoka hapa, na ng'ambo ya mpaka Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Sokoni Chililabombwe, upande wa Zambia, wafanyabiashara wetu wanaelewana na wenyeji kwa Kibemba bila taabu. Taabu iko kwenye karatasi za duane, yaani forodha. Hapo mtu anatia dole gumba chini ya maneno ambayo hajui yanasema nini.

Nilikuwa na mama mmoja, muuza unga, mwepesi kuliko wote darasani. Neno nikilisema mara moja, analirudia bila kosa. Ila daftari lake halifunguliwi. Siku moja nikamwomba anionyeshe: kurasa tatu za vijiti, vitano vitano, hesabu ya mifuko yake. Herufi hakuna hata moja. Mwezi mzima nilikuwa namfundisha lugha ya kigeni mtu ambaye hata ya kwake hajawahi kufundishwa kuisoma, na sikugundua. Hilo bado linaniuma.

Nikajaribu kumfundisha kusoma kwa Kiingereza hicho hicho. Niliandika ubaoni neno analolihitaji zaidi mpakani, receipt, nikamwambia ile p haisomwi. Akaniuliza: "Mwalimu, kama haisomwi, waliiandika ya nini?" Sikuwa na jibu, na Kifaransa kingetuletea swali lile lile. Tukahamia Kiswahili: ba, be, bi, bo, bu. A ni a popote utakapoikuta. Wiki ya sita alisoma ubaoni "bei ya unga", kisha akaandika jina lake, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akaomba karatasi nyingine, akaliandika tena.

Wengi wanakataa kuanzia hapo. "Kiswahili nimezaliwa nacho, nije kukisomea nini?" Hata yule mama muuza unga aliniambia hivyo. Inabidi kumweleza mtu taratibu kwamba hafundishwi Kiswahili. Anafundishwa kuona kwa macho yale ambayo sikio lake linayajua tayari. Akishaweza, Kiingereza kinaingia upesi, kwa sababu sasa anaandika anachosikia na kukirudia nyumbani. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 44, inasema kufuta kutojua kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa, na Katiba hiyo hiyo inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa maktaba: anayekuja kujiandikisha aulizwe pembeni, si mbele ya watu, kama anasoma. Asiyesoma aanze na kisomo cha Kiswahili. Vitabu vya Kiswahili viongezwe. Nilipotafuta rafuni nilipata vinne tu, viwili vya dini.

Na saa, Bwana Mhariri! Mlango unafungwa saa tisa, wakati mama hawa bado wako kwenye meza zao sokoni. Wawili wameshaacha masomo kwa ajili hiyo. Ufunguliwe hadi saa kumi na mbili, hata kama ni siku mbili tu kwa wiki. Nikipewa funguo, nitafunga mwenyewe.

Mwalimu wa kujitolea,
Lubumbashi