Udongo wa Nairobi na Baiskeli Yako ya Milimani: Uende Wapi Mvua Inaponyesha

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei na tena kati ya Oktoba na Desemba, karakana yetu hujaa baiskeli za milimani zenye maradhi yaleyale: padi za breki zilizolika hadi chuma kinagusa chuma, minyororo iliyorefuka, beringi za magurudumu zinazokwaruza na, mara kwa mara, kihamisha gia cha nyuma kilichokatika na kubaki kinaning'inia kwenye kebo. Wengi wa wenye baiskeli hizo huamini kwamba waliuziwa vifaa duni, na wengine hulaumu umbali waliokwenda. Kwa maoni yetu, sababu kubwa ni udongo. Nairobi imekaa mahali ambapo aina mbili za udongo zisizofanana hata kidogo zinakutana, na mwendeshaji anayejua ni upi ulio chini ya magurudumu yake, na mvua ya mwisho ilinyesha lini juu yake, ataokoa fedha nyingi kuliko yule anayenunua vifaa vya bei kubwa kila msimu.

Upande wa kaskazini na magharibi, kuanzia Karura kupitia Kiambu hadi kwenye mashamba ya chai ya Tigoni na Limuru, kuna udongo mwekundu wenye kina kirefu, uliotokana na miamba ya volkano. Udongo huu hupitisha maji vizuri. Ukinyeshewa huteleza vibaya, hasa pale ambapo njia imeshindiliwa na miguu ya watu, lakini jua likiwaka siku moja au mbili huwa umeshika tena. Upande wa kusini na mashariki, kwenye nyanda za Athi River na Kitengela na katika baadhi ya sehemu za Lang'ata, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wajenzi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi, kwa sababu hufura ukilowa na kunywea ukikauka, na kuta za nyumba zikapata nyufa. Wakati wa kiangazi mtu huweza kuendesha baiskeli juu yake bila tabu kubwa isipokuwa mtikiso. Wakati wa mvua haufai kabisa.

Kinachotokea ni hiki. Udongo mweusi uliolowa hunata kwenye tairi, na kila mzunguko wa gurudumu huokota tabaka jingine pamoja na nyasi na vijiwe, mpaka nafasi iliyo kati ya tairi na fremu inajaa. Gurudumu linapoanza kukwama, mwendeshaji kwa kawaida hukanyaga pedali kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo hasara inapoingia, kwa sababu wakati huo mnyororo umekwisha kubeba bonge la matope na nyasi hadi kwenye vigurudumu viwili vidogo vya kihamisha gia. Bonge hilo hukwama, mnyororo ukakivuta kihamisha gia chote na kukipindua, nacho kikajiingiza katika spoku. Kinachokatika kwanza ni kipande kidogo cha alumini kinachokishikilia kwenye fremu. Kipande hicho kimetengenezwa kiwe laini makusudi, ili kikatike chenyewe na fremu isalimike, na kikikatika bila kuharibu spoku wala kihamisha gia mteja ajihesabu kuwa na bahati. Shida ni kwamba fremu hutofautiana sana katika umbo la kipande hicho, na kwa baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, ambazo ni nyingi hapa mjini, kukipata kinachofanana huweza kuchukua majuma kadhaa. Ndiyo maana tunamshauri kila mteja mwenye baiskeli ya aina hiyo atuletee tupime na kumwagizia kipande cha akiba wakati kile cha kwanza bado ni kizima. Kinaenea katika mfuko wa shati. Na ukijikuta katikati ya udongo mweusi huku mvua imeanza, shuka, ubebe baiskeli begani hadi kwenye nyasi nene au changarawe, kwa maana hata kuisukuma tu hujaza matope palepale.

Karura ndipo wateja wetu wengi wanapoanzia, na kwa haki. Msitu huo wa takriban hekta 1,041, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 na ambao Wangari Maathai na wenzake waliuokoa kutoka mikononi mwa wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990, una zaidi ya kilomita 50 za njia, nyingi zikiwa na mteremko wa wastani unaomfaa hata mtu aliyeacha baiskeli tangu shule ya msingi. Njia zilizotengwa kwa ajili ya baiskeli zina alama, na watembea kwa miguu wana haki ya kupita kwanza, jambo ambalo baadhi ya waendeshaji wenye baiskeli za bei kubwa wanaonekana kulisahau. Lakini chini ya kivuli cha miti udongo hukauka polepole kuliko ule wa barabarani, na mwezi wa Julai, ambao hauna mvua nyingi lakini una mawingu na baridi, sehemu zilizo karibu na mito hubaki na unyevu kwa siku nyingi. Gurudumu linalopita juu ya udongo mwekundu uliolowa huacha mfuo. Mvua inayofuata hupitia mfuo huo huo na kuuchimba, na baada ya miezi michache mahali palipokuwa na kijia kizuri panakuwa na mfereji ambao hakuna anayeweza kuupita. Kipimo tunachowapa wateja ni chepesi: kanyaga njia kwa kisigino, na kikizama hadi ukingo wa soli ya kiatu, rudi nyumbani au uzunguke kwenye barabara pana za changarawe.

Kiangazi nacho kina ugonjwa wake. Udongo mwekundu ukikauka hugeuka vumbi laini sana, na vumbi hilo likikutana na mafuta mazito ya mnyororo, au mbaya zaidi na oili chafu iliyotolewa katika injini ya gari, ambayo bado kuna watu wanaoitumia, hutengeneza ujiuji mweusi unaosaga chuma kama msasa. Ukiusugua kati ya vidole utaisikia chenga yake. Pini za mnyororo hulika kwa ndani mahali jicho lisipofika, mnyororo ukarefuka kidogo, na meno ya gia yakaanza kulika kulingana na urefu huo mpya. Kwa baiskeli zenye gia 10 au chini yake kwa nyuma, tunabadilisha mnyororo urefu wake ukizidi kwa asilimia 0.75, kwa zile za gia 11 na 12 hatungoji zaidi ya asilimia 0.5. Kupima ni kazi ya dakika moja na hatutozi chochote, kwa kuwa mnyororo ni wa bei nafuu ukilinganisha na gia zake, na mteja aliyechelewa hulazimika kununua vyote viwili. Tumia mafuta mepesi, tone moja kwa kila kiungo, kisha ufute kwa kitambaa mpaka mnyororo uonekane mkavu kwa nje.

Milima ya Ngong ni habari nyingine, kwa sababu huko tatizo ni mteremko kuliko tope. Mgongo wa milima hiyo unafika takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, udongo wake juu ni haba na mawe ni mengi, na upepo uliofanya mitambo ya umeme isimamishwe pale tangu mwaka 1993 huweza kumsukuma mwendeshaji mwepesi kando ya njia. Kwenye miteremko ile mtu mwoga hushika breki mfululizo, diski zikapata moto, na padi laini za resini zikaanza kupoteza nguvu pale hasa anapozihitaji. Tunapendekeza padi za metali kwa yeyote anayekwenda Ngong mara kwa mara. Hupiga kelele na hukawia kushika zikiwa baridi, lakini hustahimili moto na matope kuliko za resini. Tunapendekeza pia mtu ajifunze kufinya breki kwa nguvu na kuachia, badala ya kuziburuza njia nzima. Nenda kwa kikundi, na uulize langoni kuhusu askari wa msitu wa kuwasindikiza.

Mvua zinapokuwa zimeshika kweli na kila njia ya udongo mwekundu ni utelezi, sisi huwaelekeza wateja Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka mjini. Hifadhi hiyo ya kilomita 68 za mraba, iliyoanzishwa mwaka 1984, ni miongoni mwa chache nchini ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga bila gari, na ardhi yake ya majivu na mawe mepesi ya volkano hunywa maji haraka kiasi kwamba asubuhi baada ya mvua ya usiku njia huwa nzuri kuliko wakati wa kiangazi, ambapo vumbi huzamisha tairi. Korongo la Ol Njorowa lisikaribiwe wakati wa mvua. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019.

Adui wa baiskeli kule ni panchari. Kuna vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la kioo cha volkano, ambavyo hukata ubavu wa tairi, na pembezoni mwa barabara kuna mbigiri na miba ya migunga inayopenya hadi kwenye tyubu. Viraka na solusheni havitoshi kwa tairi lililochanika ubavuni. Wateja wenye rimu zinazokubali tunawaondolea tyubu na kuweka maji ya kuziba matundu, ambayo huziba tundu la mwiba kabla mwendeshaji hajatambua. Yanapaswa kuongezwa kila baada ya miezi michache, kwa sababu hukauka haraka katika joto. Wenye tyubu wajaze upepo wa paundi 25 hadi 35 kwa inchi ya mraba kulingana na uzito wao, wala wasijaze mpaka tairi liwe gumu kama wengi wanavyofanyiwa kwenye vituo vya mafuta, kwa sababu tairi gumu hurukaruka juu ya mawe na kukosa mshiko.

Njia za mashamba ya chai hazihitaji maelezo mengi: ni nzuri, zina mwinuko wa kuchosha, na nyingi ni mali ya watu, kwa hiyo omba ruhusa.

Tunaomba jambo moja kwa wanaotuletea baiskeli baada ya safari ya matope. Msiipeleke kwanza kwenye mahali pa kuoshea magari. Maji ya mashine yenye shinikizo hupita kwenye mipira ya kuzuia uchafu na kuingiza mchanga ndani ya beringi za magurudumu, za pedali na za usukani, na kuondoa grisi iliyokuwa humo. Baiskeli hutoka inang'aa, na majuma matatu baadaye inarudi ikikwaruza. Ndoo ya maji, sabuni kidogo na brashi laini vinatosha, na asiye na nafasi atuletee ikiwa na tope lake lote. Atuambie tu alikuwa wapi, kwa sababu aliyetoka Kitengela tutaanza kumfungulia kihamisha gia, na aliyeshuka Ngong tutatazama breki kabla ya kitu kingine. Ukaguzi na usafishaji kwa kawaida humalizika siku hiyohiyo. Kazi ya beringi tunaomba siku ya pili, kwa kuwa lazima hab, yaani vitovu vya magurudumu, zikauke kabisa kabla ya kutiwa grisi mpya.