Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Soko la Kazi za Mikono, Mkunguni

Wazazi na walezi wapendwa,

Assalaam alaykum. Tumefunga muhula leo na kila mtoto amepewa ripoti yake. Itieni sahihi, aje nayo siku ya kufungua.

Jambo kubwa la likizo hii ni soko la kazi za mikono. Litakuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, katika uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, kuanzia baada ya Alasiri. Fedha ni za tangi la lita 10,000 la kukingia maji ya mvua, pamoja na bomba moja upande wa njia kwa ajili ya majirani. Paa la madarasa mawili lina mita za mraba 120, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 ni lita 6,000. Tukiondoa yanayomwagika na maji ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, hatukosi 4,500. Gharama si tangi peke yake. Likijaa lina uzito wa tani 10, na msingi ukititia upande mmoja, plastiki hupasuka penye bomba. Zege haitachanganywa na mchanga wa pwani, maana chumvi yake hula nondo. Tunataka kazi iishe kabla ya vuli.

Sasa vitu vyenyewe. Mikeka, kawa za kufunikia chakula na vipepeo vya kupepea ndivyo vinavyoharibika zaidi, na sababu huwa ni haraka. Ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia, ukisukwa mbichi hunywea baadaye, na mkeka huachana penye mshono. Ukikunjwa na unyevu hushika ukungu, na harufu ile haitoki tena. Ukausheni vizuri, upasueni kwa upana mmoja, uchemsheni kwenye rangi, kisha usuuzeni mpaka maji yatoke meupe na kuuanika kivulini. Futeni kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kikishika rangi, rudieni kusuuza. Wakati wa kusuka, nyunyizeni maji kidogo tu ulainike.

Kofia ya vito, ile inayodariziwa kwa mkono, huchukua miezi, kwa hivyo asianze mtu sasa. Mwenye nayo tayari apime mzingo kwa ndani na kuandika inchi zake, kwa sababu kofia iliyojaribiwa na kila mpita njia huwa na jasho kabla haijauzwa.

Watoto wa gredi ya 4 hadi 6 wanatengeneza wanyama kwa ndara kuukuu zinazookotwa ufuoni, mali ileile iliyovalishwa jahazi la Flipflopi, lililoundwa hapa Lamu na kushushwa majini 2018. Ndara zioshwe kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya bahari, zikauke kabisa, ndipo zigandishwe na kuwekewa uzito usiku kucha. Chumvi ikibaki, gundi haishiki. Kukata kwa kisu ni kazi ya mtu mzima, na hapo sitaki mjadala.

Gamba la kasa hatupokei kamwe. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Kombe na matumbawe pia yabaki baharini.

Bei msiikisie. Kawa iliyotumia ukindu wa shilingi 150, rangi ya 50 na saa sita za kazi kwa shilingi 50 kila saa, ni shilingi 500, na chini ya hapo haiuzwi. Aliyeitengeneza anapata asilimia 60, mfuko wa tangi 40. Andikeni jina na bei kwenye kikaratasi mkifunge kwa uzi. Pini hushika kutu na kuacha doa.

Upepo wa kusi bado unavuma mwezi huu, kwa hivyo vitambaa vya meza vifungwe miguuni mwa meza, na vitu vyepesi viwekewe mawe. Kila meza iwe na noti za 50 na 100 za chenji. Mmoja apokee pesa, mwingine aandike daftarini palepale, pamoja na malipo ya M-Pesa. Hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa shule Jumatatu ya kufungua.

Leteni vitu ofisini Alhamisi kabla ya soko, saa tatu hadi saa sita. Mwenye punda wa kubeba meza kutoka shuleni amwambie mwalimu wa darasa siku hiyohiyo.

Wenu,
Mwalimu Mkuu