Barua kwa binamu: je, yule muuza maua alimkubali?

Binamu,

Salamu nyingi, nawe wafikishie hao wa barazani Kibokoni. Nimesikia mzozo wenu juu ya mwisho wa City Lights, filamu ya kimya ya Charlie Chaplin juu ya maskini mzururaji na binti kipofu muuza maua: wewe washikilia wameoana, mwenzio asema binti amemhurumia tu. Nakuandikia hadharani kwa sababu si nyinyi peke yenu mliokwama hapo.

Filamu hii ni ya 1931, na katika maandishi ya mwanzo Chaplin mwenyewe ameiita ya kuchekesha na ya mapenzi. Sisi wa Mombasa tumelelewa na filamu za Kihindi. Tukiambiwa mapenzi, twangoja harusi na ngoma. Hapa harusi haipo, na si kwamba mzee yule hakujua kufunga hadithi. Katika The Circus ya 1928 Mzururaji wake, yule maskini anayemwigiza mwenyewe filamu baada ya filamu, abaki peke yake, wazi kabisa. Katika Modern Times ya 1936 ashika njia na msichana wake, bega kwa bega. The Gold Rush ya 1925 iliishia kwa busu, na alipoitoa upya 1942 akalikata. Akikuacha njia panda, basi amekuleta hapo kusudi.

Wabishi wengi huharibu mambo kwa kutazama kipande cha dakika mbili kwenye simu, kinachoanzia pale mkono unaposhikwa. Ushahidi uko nyuma. Rudi kwa yule tajiri mlevi. Akilewa, Mzururaji ni ndugu yake wa kufa na kuzikana, hata ampa dola 1,000 za kumtibu binti macho. Pombe ikimtoka, hamjui, na Mzururaji atolewa nje. Jambo hilo larudiwa, wala si mzaha mtupu. Filamu yakuzoesha swali lake: mtu akibadilika hali, atamtambua aliyemfaa katika hali ile nyingine? Tajiri kishajibu hapana. Binti naye kabadilika, hakuwa akiona na sasa aona, na mwishoni, katika duka lake la maua, twangoja jibu lake.

Sehemu hiyo ya dukani itazameni kwanza bila sauti. Muziki, ambao sehemu kubwa Chaplin aliutunga mwenyewe, hukuliza kabla hujaona kitu.

Kabla Mzururaji hajatokea, aingia kijana wa kitajiri, kavaa kofia ndefu, ataka maua. Mtazame binti: uso wamwangaza, kisha waingia unyonge. Mtu wa namna ile ndiye aliyekuwa akimngojea, tangu siku aliposikia mlango wa gari ukifungwa akadhani maskini aliyesimama mbele yake ndiye mwenye gari. (Mkutano huo wa kwanza Chaplin aliurudia kuupiga mamia ya mara, na ukiona jinsi mwisho unavyoutegemea huwezi kumlaumu.) Ndipo Mzururaji apita, katoka jela, nguo zimemchakaa kuliko zamani, watoto wauza magazeti wamchokoza. Aokota ua lililotupwa mtaroni. Binti amcheka kupitia kioo, atania kwamba amepata mpenzi. Kicheko hicho watu hukisahau, nacho ni kichungu. Kisha amtolea ua zima na sarafu. Hiyo ni sadaka, na hadi hapo mwenzio hajakosea.

Mzururaji ataka kukimbia. Binti amwita, amshika mkono amtilie sarafu, mara vidole vyasita. Macho yake bado hayajajua kitu. Vidole vyapapasa kiganja, vyapanda mkono hadi kwenye koti, na kicheko chote chamtoka: amemjua kwa njia ile ile aliyomjua zamani, kwa kugusa. Kinachofuata ni kadi tatu za maandishi, ambazo katika filamu ya kimya hushika nafasi ya maneno. Binti auliza kama ndiye. Mzururaji auliza kama sasa aona. Binti ajibu kwamba ndiyo, sasa aona.

Jibu hilo ndilo lililowagawanya, maana lawezekana kuwa shukrani, lawezekana kuwa masikitiko ya mtu aliyemngoja tajiri akaletewa huyu. Usoni mwake mna yote mawili. Lakini mkono hauachi. Auvuta hadi kifuani. Na picha ya mwisho si ya binti. Ni uso wa Mzururaji, ua karibu na mdomo, atabasamu na huku aogopa, kisha giza. Ambaye twataka kumsoma tumenyimwa uso wake, tumeachiwa wa yule anayengoja.

Msipoteze usiku na lile ua linalopanda na kushuka. Kamera ikiwa nyuma ya binti, mkono wenye ua uko mdomoni. Ikigeuzwa, uko chini. Ni vipande visivyoungana vizuri, hakuna fumbo hapo.

Ukiniuliza, binti amefaulu pale tajiri alipoanguka: amebadilika hali, na bado amemtambua mtu wake, tena amemshikilia. Mwenzio ameishia kwenye sarafu, hakuungoja mkono. Wewe nawe umeruka mbele, maana hakuna picha hata moja inayoahidi ndoa, na kile kicheko cha kioo hakijafutwa. Kama bado mwataka kubishana, bishaneni juu ya sekunde zile kadi ya tatu inapoondoka, binti angali aonekana. Mimi naona amekubali kitu, ila hajajua bado ni kitu gani.